Pigo Moja

Muda wa ikama ya Damaris, kibali chake cha kuishi Saudia, ulipokaribia kwisha, baba mwenye nyumba alimwambia alete karatasi zote alizokuja nazo kutoka Kenya. Damaris akaileta bahasha sebuleni, akaiweka mezani, kisha akarudi kwenye lundo la nguo alizokuwa akizikunja.

Baba aliitwa Ziyad. Alikuwa mhandisi kwenye karakana moja nje ya Riyadh iliyounda magari ya zimamoto, na nyumba yao ilikuwa Al-Naseem, ghorofa mbili na watoto watatu, nyumba ambayo Damaris alikuwa ameisafisha kwa karibu mwaka mzima. Aliitoa karatasi moja, akaitazama, akaiweka kando, akatoa nyingine. Cheti cha kuzaliwa. Cheti cha polisi. Cheti cha mafunzo ya kazi za nyumbani. Halafu akashika kijitabu chekundu kilichochakaa pembe.

"Hii ni leseni?" aliuliza kwa Kiingereza.

"Ndiyo, baba."

"Ya gari gani?"

"Gari dogo, trekta na lori."

Baba alicheka, si kwa ubaya. Mkewe, madam Huda, alikuwa amepata leseni miezi mitano tu iliyopita, wanawake wa nchi hiyo walipoanza kuruhusiwa kuendesha, na bado kila akiingiza gari alikwaruza ukuta wa geti.

"Lori la nini?"

Angeweza kusema la viazi. Kwao, ukingoni mwa msitu wa paina, mwendo wa saa moja kutoka Molo, malori ya viazi hayahesabiki. Lakini swali lilimkuta amechoka, akajibu lililokuwa kweli.

"La kuzima moto, baba. La kijiji chetu. Tulikuwa watu wa kujitolea."

Baba hakucheka tena. Aliinuka, akaenda chumbani kwake, akarudi na michoro mikubwa iliyokunjwa kama mikeka. Akaitandaza juu ya vyeti. Lilikuwa gari dogo la zimamoto la vijiji vya mashamba ya mitende, alisema, mahali ambapo hakuna kituo cha zimamoto na wakulima wenyewe ndio wanaopanda gari moto ukiwaka. Karakana yao ilikuwa imepewa kazi ya kuunda manne.

"Sisi tumezoea magari ya askari," alisema. "Wakulima hatujawahi kuwaundia. Hebu angalia."

Damaris aliangalia akiwa amesimama, shati la mtoto mkononi. Hakuhitaji kuelezwa michoro. Tangi lilikuwa pale katikati, pampu nyuma yake, na jukwaa la kusimama watu wawili.

"Ngazi iko juu sana," alisema. "Watu hawa hawatakuja na viatu vya kazi. Watakuja na gambuti, au ndara, mtu ametoka kukamua ng'ombe. Na hizi vyuma za kufungulia maji, zote ni rangi moja. Mtu anayezishika mara moja kwa mwaka atasahau ipi ni ipi. Pakeni rangi. Nyekundu, njano, hata asiyejua kusoma ajue."

Baba alikuwa ameshachukua kalamu.

"Na hapa juu ya vioo na magurudumu, wekeni vibomba vidogo vya kurusha maji. Moto ukiwazunguka, gari lijinyeshee lenyewe. Maji yasiishe yote kwenye moto, robo ya tangi ibaki ya hivyo vibomba, ya kuokoa watu."

"Damaris." Madam Huda alikuwa mlangoni. "Nguo hazijaisha?"

"Naenda, madam."

Baba alimwambia mkewe kitu kwa Kiarabu, haraka haraka, na madam akajibu kwa neno moja. Tangu siku hiyo, baba alipotaka kumuuliza Damaris kitu, alingoja mkewe awe amekaa hapo hapo na kikombe chake cha kahawa, na Damaris alijibu akiwa amesimama.

Ilikuwa mara ya tatu au ya nne ndipo Damaris mwenyewe akauliza. "Huyu wa nyuma anaongeaje na dereva?"

"Redio za mkononi," baba alisema.

"Redio zitasahauliwa nyumbani kwenye chaji, baba. Wekeni kengele. Na taa, hapa mbele ya macho ya dereva. Ya kijani ni twende. Nyekundu ni simama. Na hiyo nyekundu ikishawaka, dereva asiweze kuizima. Aizime yule yule wa nyuma aliyeiwasha."

"Kwa nini dereva asiizime? Akiona ameelewa, anazima, inatosha."

"Kwa sababu dereva akiogopa, anaweza kujiambia kwamba hakusikia alichosikia."

Baba aliinua kichwa akamtazama. Damaris aliomba ruhusa akaenda kuzima jiko, ingawa jikoni hakukuwa na jiko linalowaka.

Alichokuwa akikikimbia kilitokea kwao, Februari mwaka 2017, saa tisa mchana. Mvua haikuwa imenyesha tangu Novemba. Lori la kijiji lilikuwa kuukuu, lilitoka kwenye shamba moja la chai lililolichoka, na kikundi kilichomelea tangi na pampu ya petroli na vyuma vya kujishikia nyuma. Damaris alikuwa dereva kwa sababu marehemu baba yake alikuwa dereva wa trekta na alimfundisha akiwa bado shuleni, na kwa sababu wanaume waliojua kuendesha walikuwa mjini. Kati ya kabini na nyuma hapakuwa na njia ya kusemezana ila ngumi. Solomon, mwenyekiti wa kikundi, ndiye aliyeweka sheria: pigo moja juu ya kabini, simama. Mapigo mawili, twende.

Nyuma walitakiwa kusimama watu wawili. Siku hiyo mmoja alikuwa amempeleka mtoto hospitali, kwa hivyo Allan alipanda peke yake. Allan alikuwa mume wa Winfred, na Winfred alikuwa jirani yake Damaris, wa kuombana chumvi na kuachiana watoto. Mwaka ule Winfred na Damaris wote wawili walikuwa na miaka ishirini na tisa.

Waliingia njia ya msituni, Allan akafungua maji. Baada ya dakika kama kumi upepo ukageuka. Moshi ulifunika kioo cha mbele, kisha vya pembeni, Damaris akawa haoni nyuma hata kidogo. Pampu ilikuwa ikinguruma. Ndipo aliposikia pigo juu ya kichwa chake. Moja, zito.

Alingoja. Mguu ulikuwa kwenye klachi, gia iko ndani tayari, na upande wake wa kulia paina moja ilikuwa ikiwaka kutoka chini hadi juu. Mlango ulipata joto mpaka akauondoa mkono. Alingoja pigo la pili na halikuja. Alipoona cheche zinavuka njia mbele ya lori, akaachia klachi.

Nyuma kulikuwa na mvuto, kama lori limenaswa na kitu, halafu mvuto ukaachia. Alijua pale pale kwamba mpira wa maji umekatika. Hakusimama. Alisimama mita mia tatu mbele, kwenye barabara kubwa, akashuka akazunguka nyuma, na hapakuwa na mtu.

Walimpata Allan jioni, karibu na kisiki kilichokuwa kimeunasa mpira. Alikuwa ameshuka kuunasua. Pigo lile lilikuwa la kumwambia dereva asiondoke.

Polisi walipomuuliza, na baadaye Solomon mbele ya kikundi, Damaris alisema, "Nilisikia mawili."

Hakuwa amepanga kusema hivyo. Neno lilitoka, na lilipotoka kila mtu alilipokea kama mtu anayepokea mzigo alioutarajia. Solomon aliliandika. Kwa hivyo ikajulikana kwamba Allan alitoa ishara ya kuondoka kisha akaruka chini, kwa haraka zake au kwa kusahau. Wengine walisema alikuwa amekunywa. Ephraim, baba yake Allan, aliyasikia siku ya mazishi, watu wakinong'ona nyuma ya hema. Winfred aliyasikia kwenye posho mill, alipokwenda kusaga mahindi. Damaris hakulaumiwa na yeyote. Walimletea chai, walimshika mkono, walimwambia asijitese, si makosa yake. Hizo chai ndizo zilizomshinda. Alivumilia miezi kumi, akamwacha binti yake Stacy kwa mama yake, akaondoka kwenda Saudia kupitia wakala wa kazi wa Nakuru.

Kaka yake madam Huda alikuwa akikaa Jeddah, mtaa wa Al-Hamra, na mke wake aliitwa Wahida. Wahida alizaliwa huko huko Jeddah, lakini wazee wake walikuwa Wazanzibari waliokimbilia huko baada ya mwaka 1964, na Kiswahili hawakukiacha. Mama yake alikuwa amepita miaka themanini. Kiarabu kilikuwa kikimtoka kidogo kidogo, akabaki na lugha ya utoto wake, na wasichana wa kazi waliokuja hawakumwelewa. Mwezi wa pili mwaka 2019 Wahida alipiga simu kwa madam, akaomba kuzungumza na Damaris.

"Damaris mwanangu, hujambo? Miye namtafuta mtu wa kukaa na mama. Asiwe mwenye hasira, na Kiswahili akijue. Huna mtu wako huko kwenu ukanipatia?"

Damaris alikuwa naye. Winfred alikuwa akimwandikia tangu mwaka uliotangulia. "Mama Stacy, nitafutie kazi huko, hata ya kuosha choo. Hapa siwezi tena. Nikiingia dukani watu wananyamaza." Damaris alikuwa hamjibu, au anajibu mambo mengine. Alikaa na ombi la Wahida siku mbili. Alijiambia kwamba angalau hili anaweza kumfanyia. Siku ya tatu akatuma namba ya Winfred.

Winfred alifika Jeddah mwezi wa nne. Mwisho wa wiki ya kwanza alituma ujumbe wa sauti. Alisema ana chumba chake chenye dirisha, mama mzee ni mpole na wanaimba pamoja, na Wahida anamwita binti. "Mungu akubariki, Mama Stacy. Wewe ndiye uliyenikumbuka. Watu wote walinitupa, wewe..." Damaris aliufuta kabla haujaisha.

Mwezi wa tano gari la kwanza lilikamilika. Wakubwa wa karakana, kwenye ofisi yao ya Al-Murabba, walikuwa wameikubali kengele na taa baada ya kubishana sana, na baba, aliyekuwa akilipeleka kujaribiwa kwenye mashamba ya mitende, alilipitisha nyumbani Ijumaa asubuhi ili watoto walione. Lilisimama barabarani, jeupe lenye mistari myekundu, na watoto wa majirani wakalizunguka.

"Damaris, njoo," baba aliita. "Panda nyuma. Niambie kama ngazi imekuwa nzuri."

Alimtazama madam. Madam alikuwa mlangoni, abaya yake imefungwa nusu, akasema, "Yalla, panda basi, watu wanatazama."

Alipanda. Ngazi ilikuwa chini, hatua pana, zenye meno ya kuzuia utelezi. Vyuma vya maji vilikuwa vimepakwa rangi kama alivyosema. Jukwaa lilikuwa na paa na kizuizi cha bati cha kukinga joto hadi kifuani. Baba alikuwa ameingia kwenye kabini.

"Bonyeza," alisema kupitia dirishani.

Damaris aliweka kidole kwenye kitufe chekundu. Hakuwa amewahi kusimama nyuma ya gari la moto. Kila mara alikuwa mbele, mikono kwenye usukani. Kutoka hapo nyuma, kabini ilikuwa sanduku. Kisogo cha dereva kilionekana kidogo tu kwenye kioo kidogo, na hakikusema lolote. Ukiwa hapa, aliona, huna kitu ila kumwamini mtu ambaye humwoni uso.

Alibonyeza. Kengele ikalia ndani ya kabini, kali, na taa ikawaka, na baba akapiga kelele za furaha kwamba anaiona.

"Sasa izime."

Hakuizima. Alikuwa ameshika vyuma kwa mikono miwili, macho kwenye kile kisogo. Watoto walidhani anacheza. Ilibidi baba ashuke, azunguke, amwambie mara mbili, ndipo akabonyeza tena, taa ikazimika, akateremka. Madam alimletea maji. Aliuliza kama ni jua, na Damaris akasema ndiyo, ni jua.

Shule zilipofungwa, familia ilikwenda Jeddah kwa wiki tatu, na Damaris akaenda nao. Winfred alimpokea jikoni kwa Wahida kwa kumkumbatia mpaka kikapu kikaanguka. Alikuwa amenenepa kidogo. Alimwonyesha chumba chake, dirisha lake, picha ya mwanawe kwenye simu, ameota meno mapya. Usiku walilala chumba kimoja, na Damaris alijifanya amechoka na safari ili asiongee.

Siku ya tatu, asubuhi, Wahida na madam walikuwa wamewapeleka watoto baharini, mama mzee amesinzia kwenye kiti chake ukumbini. Damaris na Winfred walikuwa wakisafisha samaki. Winfred alikuwa akiparua magamba chini ya bomba, mgongo umegeuka.

"Mama Stacy, kuna kitu nimetaka kukwambia tangu mazishi," alisema. "Sikupata nguvu. Nataka nikuombe msamaha."

"Msamaha wa nini?"

"Wa Allan. Alikuwa na haraka huyo mtu, ata mimi nilikuwa namwambia. Ile asubuhi tuligombana, akatoka bila kunywa chai. Najua akili yake haikuwa hapo. Akakugongea, akaruka, akakuachia wewe hiyo picha maisha yako yote. Na wewe hujawahi kunisema vibaya. Umenileta mpaka huku. So nakuomba msamaha, kwa niaba yake."

Maji yalikuwa yakitiririka. Damaris alikiweka kisu chini. Baadaye hakukumbuka kama aliamua. Alikumbuka tu kwamba alifunga bomba kwanza, ili asilazimike kulisema mara mbili.

"Winfred. Hakugonga mara mbili."

"Ati?"

"Aligonga mara moja. Nilisikia moja. Alikuwa ananiambia nisimame, nami nikaondoka."

Winfred aligeuka. Mikono yake ilikuwa na magamba hadi viwikoni. "Pengine hukusikia vizuri. Kulikuwa na kelele."

"Nilisikia vizuri. Nilingoja la pili, halikuja. Moto ulikuwa karibu, nikaogopa. Mpira ulinivuta, nikajua, na sikusimama. Halafu nikawaambia watu nilisikia mawili."

"Ungengoja," Winfred alisema polepole, "angepata kupanda?"

"Sijui."

"Ama mngekufa wote?"

"Sijui, Winfred. Pengine. Kila siku nahesabu na sipati jibu."

Winfred alijifuta mikono kwenye aproni, kidole kwa kidole. Alikuwa hajainua sauti. "Ile ya kuogopa," alisema, "naweza... mtu akiogopa anaogopa. Lakini karibu mwaka mzima umekaa nami kwenye matanga na kwenye kanisa, unanisikia nikisema mume wangu alijiua kwa uzembe. Mtoto wangu ameambiwa shuleni baba yake alikuwa mlevi. Mzee Ephraim aliacha kukaa na wazee wenzake. Na ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Na kazi hii ulinitafutia kwa sababu gani?"

Damaris alikigeuza kisu pale kwenye meza. Hapo ndipo walipomwona Wahida mlangoni, abaya bado begani, ndoo ya mtoto mkononi. Alikuwa amerudia mafuta ya jua. Ilionekana usoni mwake kwamba amesikia ya kutosha. Winfred alimpita bila kumtazama, akaenda chumbani, wakasikia ufunguo ukizunguka. Damaris akapiga hatua kumfuata.

"Muache, bibi," Wahida alisema. "Usimfuate. Kaa hapo hapo."

Siku mbili Winfred hakutoka ila kumhudumia mama mzee. Wahida alimhamishia Damaris godoro kwenye chumba cha kupigia pasi. Siku ya tatu Winfred alikuja na kusimama mlangoni, simu mkononi.

"Usiniombe msamaha mimi," alisema. "Uliyasema mbele ya watu. Yatoe mbele ya watu hao hao. Kundi la kikundi bado liko Watsapu, na wewe bado uko ndani. Sema kwa sauti yako, si kuandika. Nikiwa hapa."

Damaris alikaa kwenye godoro, akaishika simu karibu na mdomo. Ilimchukua dakika mbili na nusu. Alisema tarehe, saa, pigo moja, mpira uliokatika, na neno alilowaambia. Alisema Allan hakuwa amekunywa na alifuata sheria kama walivyoiweka. Sauti yake haikutetemeka hata mara moja, jambo ambalo lilimtia hofu mwenyewe. Winfred alisikiliza mpaka ujumbe ukaenda, kisha akaondoka na kufunga mlango nyuma yake, taratibu, kama anayemfungia mgonjwa.

Alama za watu kusikiliza zilijaa moja baada ya nyingine, na hakuna aliyejibu. Jioni Solomon aliandika, "Tumesikia." Baada ya hapo Damaris akaona ametolewa kwenye kundi. Mama yake alipiga simu akilia, akamuuliza kwa nini hakukaa na jambo lake moyoni, sasa Stacy atapitaje njiani.

Wahida alimweleza madam Huda, kwa kuwa mambo yalikuwa yametokea nyumbani kwake na hakutaka kuficha. Safari ya kurudi Riyadh hakuna aliyemsemesha Damaris ila watoto. Baba ndiye aliyemuuliza siku chache baadaye, wakiwa sebuleni, madam akiwapo.

"Ndiyo sababu ulitaka ile taa isizimike?"

"Ndiyo, baba."

Baba aliiweka simu yake mezani. "Magari yote manne yameshakwenda," alisema. "Moja wiki jana lilitoka kwenye moto wa mitende. Wanasema kengele ilifanya kazi."

Damaris alidhani atasikia kitu moyoni, nafuu au hata huzuni. Alisikia tu kwamba pasi jikoni inahitaji kuchomolewa, akaenda kuichomoa.

Madam hakumfukuza wala kumtukana. Ila tangu hapo hakumwachia tena yule mtoto mdogo amwogeshe peke yake. Alikuja kukaa ukingoni mwa bafu na simu yake, siku zote, mpaka mkataba ulipokwisha Januari. Hakuna aliyezungumzia kuuendeleza.

Aliporudi kwao alimkuta Stacy amekuwa mrefu na hataki kushikwa. Alikaa siku moja tu, na siku ya pili akaenda kwa wazazi wa Allan. Mzee Ephraim alikuwa kwenye boma akiwatenganisha ndama na mama zao. Hakumkaribisha ndani, na hakumkataza kusimama hapo. Mkewe alitokea mlangoni, akamwona ni nani, akarudi ndani.

"Nimekuja mwenyewe, baba," Damaris alisema. "Ya simu haitoshi."

"Sema basi."

Alisema yote upya. Mzee alimsikiliza huku akiendelea na kazi, akifunga kamba, akifungua. Damaris alipomaliza, alisimama akamtazama kwa mara ya kwanza.

"Solomon alikuja hapa na daftari," alisema. "Amelifuta lile neno. Amenionyesha. Ameandika upya, jina la kijana wangu liko safi." Alivuta pumzi. "Mama yake hali chakula tangu ajue. Zamani alikuwa analia. Sasa halii, halali, anauliza tu alikuwa anafikiri nini pale chini akisikia gari linaondoka. Mimi sina la kumjibu. Wewe unalo?"

"Sina, baba."

"Basi nenda. Usirudi hapa mpaka uitwe."

Hajaitwa. Winfred aliongeza mkataba Jeddah, na kila Jumapili anampigia simu mama mkwe wake, wanakaa kwenye simu saa nzima. Mtoto wake anasoma shule ya bweni Nakuru. Damaris analima viazi kwenye kipande cha mama yake, nyuma ya nyumba, upande ambao hauonekani barabarani. Kiangazi kilichofuata moto uliwaka tena juu ya kisima cha zamani, na Solomon akapuliza filimbi, na watu wakakimbia kuelekea kwenye lori. Ufunguo ulikuwapo, pampu ilikuwa na petroli. Walisimama wakizunguka lori wakitazamana, kwa sababu hapakuwa na mwingine anayejua kuliendesha, na hakuna aliyetaka kutumwa kwa Damaris. Mwishowe walichukua ndoo na matawi, wakapanda kwa miguu. Damaris aliwaona wakipita kutoka shambani, akasimama na jembe lake mpaka moshi ulipobadilika kuwa mweupe, jioni, hekta nne za msitu zikiwa zimeteketea.